Limbwata la Mtungi wa Nyuma

Bi Muzdalifa aliingia uani kwetu kama mtu aliyeletwa kukagua nyumba ya kupanga na hana nia ya kuipanga. Akatazama paa, akatazama ukuta, akatazama kuku, kisha akanitazama mimi kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu. Nadhani katika vyote hivyo kuku ndio waliompendeza.

"Ndiye huyu daktari mwenyewe?" akauliza.

"Ndiye, shangazi," Twalibu akajibu, akitabasamu kama mwanafunzi ambaye hakufanya zoezi.

"Shikamoo, shangazi," nikasema huku nikipiga goti.

"Marahaba. Mbona umekonda hivi? Daktari gani asiyeweza kujitibu?"

"Si daktari wa watu, shangazi," Twalibu akawahi. "Anasomea shahada ya uzamivu. Mambo ya mpunga."

"Alaa! Kumbe mpunga nao unaumwa?"

Wageni wote wakaangua kicheko. Twalibu naye akacheka. Nikayatazama yale meno yake mazuri, nikasema moyoni, cheka baba, cheka, mimi kuchekwa nimeshazoea.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Watu wa Kibiti, ndugu zake Twalibu, walikuwa wamekuja kwetu Mohoro kupanga siku ya ndoa. Posa ilikwisha kupokelewa, mahari imekwisha kuzungumzwa, kilichobaki ni siku tu. Na Jumatatu nilitakiwa Dar es Salaam, chuoni, kuitetea tasnifu yangu mbele ya maprofesa. Miaka yote ile nilikuwa nazunguka mabonde ya Mohoro na Umwe nikiwauliza wanawake wanavyochagua mbegu ya mpunga mto ukifurika, na sasa ilikuwa imebaki kusimama na kujieleza. Mume na udaktari kwa wakati mmoja. Mama alisema ni neema. Mimi niliomba nisianguke.

Nisianguke, kwa sababu mimi nina sukari. Si ile ya wazee wenye vitambi. Yangu ni ile inayomkuta mtoto, kongosho linagoma kufanya kazi na halirudi tena mpaka unaingia kaburini. Tangu darasa la sita najichoma sindano asubuhi na jioni. Nimesoma mpaka hapo nilipofika huku nikijitoboa vidole chini ya dawati. Siku moja nilimpelekea msimamizi wangu kurasa mbili nilizoandika sukari imeshuka, sijui hata nilikuwa naandika nini, akanijibu kwamba sehemu ile ina uthubutu mpya. Tangu siku hiyo maprofesa nawaheshimu kwa kiasi.

Dawa yenyewe inataka ubaridi. Friji letu liliungua zamani, umeme ulipokatika na kurudi kwa fujo. Basi nilifanya walichonifundisha kliniki: mtungi mdogo ndani ya mtungi mkubwa, mchanga wenye maji katikati, na kichupa cha dawa humo ndani kimefungwa kitambaa kisafi pamoja na sindano zake. Niliuweka nyuma ya jiko, kivulini. Kila asubuhi naumwagia maji ule mchanga kabla sijamwagia uso wangu.

Twalibu alijua yote haya. Alijua kabla hata hajalijua jina langu. Tulikutana njiani kule Umwe, mimi nimekaa chini katikati ya barabara nabishana na mbuzi. Sukari ilikuwa imeshuka. Watu wamesimama mbali wanasema huyu kapandisha maruhani. Yeye ni mwalimu wa biolojia sekondari moja huko Kibiti; alinitazama macho, akanishika jasho la shingoni, akakimbia dukani akarudi na soda, akaninywesha funda kwa funda, kichwa changu kikiwa mapajani mwake. Nilipozinduka, cha kwanza nilichokiona ni uso wake na cha pili ni yule mbuzi. Nikampenda wa kwanza. Tangu hapo hakuwahi kuja kwangu bila peremende mfukoni mwa shati. Nikinyamaza kidogo tu, tayari ameshanimenyea moja na kunitia mdomoni mbele za watu, na mimi nimeona haya mpaka masikioni. Mwanaume wa namna hiyo utaacha kumpenda uwe jiwe?

Lakini kwao hakusema. Kila nikimuuliza, ananijibu, "Ngoja wakuzoee kwanza." Mama naye alikuwa upande wake.

"Mama, si mnasema wenyewe mficha maradhi kifo humuumbua?" nilimwambia siku moja.

"Tunasema, mwanangu," mama akajibu. "Na mtangaza maradhi haolewi. Chagua."

Nikaficha. Nilikuwa nampenda mtu, na mtu akipenda hukubali mambo ya kipuuzi.

Sasa basi. Watu wa kwao wana desturi: siku ya kupanga siku, shangazi wa mwanaume huchota maji kwa mkono wake kwenye mtungi wa nyumba ya binti, akanywa. Maji yakimpendeza, anarudi mkekani anasema binti ni msafi, na wanaume wanaendelea na maongezi. Mama alikuwa ameusugua mtungi wa mbele mpaka unang'aa na kuweka kata mpya. Akauonyesha kwa mkono. Bi Muzdalifa akautazama ule mtungi, akaguna, akapita. Wanawake wa aina yake hawanywi kwenye mtungi wanaoonyeshwa. Akazunguka nyuma ya jiko.

Mimi nilikuwa nikipakua pilau. Nilisikia kifuniko cha udongo kikigonga, kisha ukelele.

"Jamani! Jamani njooni! Yarabi, mtoto wa watu kaliwa!"

Akaja mbio mkekani walikokaa wazee, kanga imemvuka mabegani, kile kichupa amekishika kwa ncha za vidole na kitambaa chake cheupe kinaning'inia. Mkono wa pili ameshika sindano zangu.

"Mtungi ndani ya mtungi!" akasema akitweta. "Mchanga katikati! Kitambaa cheupe! Na maji meupe kama tui, jamani, kichupani! Na sindano! Mnataka niwaambie nini tena? Hili ni limbwata. Hili ndilo lililomfanya Twalibu akatae mabinti wote wa Kibiti akaja kuokota kifupa huku."

Kifupa ni mimi.

"Tulia kwanza, bibi," akasema mjomba wangu Bushiri, aliyekaa badala ya marehemu baba. "Hebu tukione."

Mzee Mwinyimvua, baba mkubwa wa Twalibu na mkuu wa msafara, akavaa miwani yake. Ni mtu wa taratibu, hapandishi sauti. Akakigeuza kile kichupa.

"Mbona kina maandishi ya Kizungu?"

"Siku hizi waganga nao wanachapa lebo," akasema Bi Muzdalifa. "Mnadhani wamelala?"

Hapo wote wakamgeukia Twalibu. Mimi pia. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, sikufungua kinywa. Mtasema kwa nini nisijitetee mwenyewe. Kwa sababu nilikuwa namngoja yeye. Palikuwa na mtu mmoja pale mkekani aliyefundishwa na serikali, akapewa cheti, akapewa mshahara kwa kujua kile kichupa ni nini. Juma lile lile alikuwa amewachorea watoto kongosho ubaoni kwa chaki za rangi, alinipigia picha akanitumia, akaandika, "Nimekukumbuka."

Twalibu akautazama mkeka. Akautazama kweli kweli, ungedhani kuna aya imeandikwa mle.

"Kimya cha nini, mwanangu?" Bi Muzdalifa akamlilia. "Wamekufunga mpaka ulimi!"

Na kabla mtu hajamzuia, akakinyakua kichupa kutoka kwa Mzee Mwinyimvua, akakipiga kwenye jiwe la kunolea panga. Kikasambaratika. Harufu ya dawa ikapanda, ile ya wodini.

"Mnasikia?" akasema. "Harufu ya maiti hiyo!"

Mama akaketi chini kwenye kizingiti, mikono kichwani. Nilitazama yale maji meupe yakinywewa na vumbi. Kilikuwa ndicho kichupa changu cha mwisho. Kingine nilipanga kukichukua Ikwiriri kesho yake nikiwa safarini. Sindano ya jioni ilikuwa haipo tena.

"Wazee, nipeni ruhusa niongee naye kidogo," Twalibu akasema. Hatimaye, ulimi umefunguka.

Tukaenda nyuma ya jiko. Mitungi yangu ilikuwa imelala ubavu na mchanga umemwagika. Akanishika mikono yote miwili. Alikuwa anatetemeka, na mimi mjinga, kitu cha kwanza nilichowaza ni kumtuliza.

"Nasma, usikasirike."

"Kimevunjika, Twalibu. Jioni sina cha kuchoma."

"Najua. Nitakupeleka Ikwiriri mwenyewe, na pikipiki yangu, tutapata kingine. Lakini kwanza tulimalize hili."

"Hili lipi?"

"La limbwata. Kubali."

"Nikubali nini?"

"Kubali tu kwamba ni limbwata."

Nikadhani sukari imeshuka. Wallahi nilidhani hivyo. Nikatoa kipimo mfukoni, nikajitoboa kidole, nikasubiri. Sukari ilikuwa sawasawa kabisa. Kwa hiyo nilikuwa nimesikia vizuri.

"Endelea," nikamwambia.

"Limbwata lina dawa, Nasma. Shangazi anamjua mzee mmoja huko Dimani, atakuzingua, utaogeshwa, utawaomba radhi, na yamekwisha. Mwanamke akimwekea mwanaume limbwata, watu wanajua amempenda. Watanicheka kidogo mimi, wiki mbili watasahau. Lakini ukiwaambia sukari..." Akafuta uso kwa kiganja. "Sukari haizinguliwi. Watasema utazaa wagonjwa. Watasema nitakuzika kabla ya mtoto wa pili. Baba mkubwa hataridhia hata kidogo."

"Kwa hiyo mchawi anaolewa. Mgonjwa ndiye haolewi."

"Usiseme hivyo."

"Wewe ndiye uliyesema. Mimi nimefupisha tu. Ndiyo kazi niliyosomea."

"Nakupenda!" Machozi yakamtoka, na machozi ya Twalibu si ya kuigiza, nayajua. "Nimetafuta njia ya kukuoa, Nasma. Nimeiona hii moja. Nyingine siioni."

"Ipo nyingine. Unatoka hapa, unasimama mbele yao, unasema: huyu ana sukari, nimejua tangu siku ya kwanza, na ndiye nimtakaye. Basi. Watoto wako wa kidato cha tatu wanakariri maneno mengi kuliko hayo."

"Huwajui watu wangu."

"Hao nimewajua leo. Wewe ndiye niliyekuwa sikujui."

Akaniwekea kiganja shavuni. Mkono wake ulikuwa wa moto, una harufu ya sabuni ya mche na ya zile peremende. Nilifumba macho. Nisidanganye, niliegemea ule mkono. Mtu anakutaka uogeshwe na mganga kwa ajili ya ugonjwa anaoufundisha darasani, na bado shavu lako linautafuta mkono wake! Nilijidharau mimi kwanza, kisha nikamdharau yeye, kisha nikafumbua macho.

"Sikiliza," nikasema. "Nitasema mimi. Wewe usiseme chochote. Wakikuuliza kama ulijua, itikia naam. Neno moja, Twalibu. Utaliweza?"

"Nitaliweza."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Nikamwamini. Basi tukarudi, mimi mbele yeye nyuma, na nilipofika mkekani sikukaa.

"Wazee wangu," nikasema, "kile kichupa hakikuwa limbwata. Ni dawa ya sukari. Mimi ni mgonjwa wa sukari tangu utotoni, najichoma sindano kila siku, na nisipojichoma nakufa. Mtungi ule ndio friji langu. Mlistahili kuambiwa mapema, na kwa hilo naomba radhi. Kwa limbwata siombi radhi, kwa sababu halikuwapo."

"Sukari?" Bi Muzdalifa akanikodolea. "Kibinti kama hiki? Sukari ni ya watu wazima, waliokula wakashiba."

"Yangu imekuja kabla sijashiba, shangazi."

"Uongo! Uchawi huo unautafutia jina la hospitali."

Nikanyoosha vidole vyangu kumi mbele ya uso wake. Ncha zote zina vidoa vyeusi vya kutobolewa, vingine vya zamani vingine vya asubuhi ile. Akavitazama. Akakishika kimoja, akakiminya taratibu, na kitone cha damu kikatoka pale nilipojitoboa nyuma ya jiko. Uso wake ukalegea. Kwa mara ya kwanza tangu afike, aliniangalia bila kunipigia bei.

"Maskini," akasema. Kisha akaniachia kidole. "Heri ungekuwa mchawi, mwanangu. Mchawi tungemwosha."

Nilikuwa nimemdharau yule mama tangu alipokanyaga uani, lakini kwa hilo nilimpa haki yake: alisema analoliamini, kwa sauti, mbele za watu. Wangapi pale wangeweza?

Mzee Mwinyimvua akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu.

"Binti, tumekusikia, na Mwenyezi Mungu akupe afya," akasema. "Ugonjwa si aibu. Lakini kuoza ni kuaminiana." Akamgeukia Twalibu. "Nakuuliza wewe, mwanangu. Ulikuwa na habari ya maradhi haya?"

Mjomba Bushiri aliacha kuhesabu tasbihi. Mama aliinua kichwa pale kizingitini. Nikamtazama Twalibu machoni, nikamwitikia mimi kwanza kwa kichwa, naam, kama unavyomfundisha mtoto kutembea.

Akamtazama baba yake mkubwa. Akamtazama shangazi yake. Mimi hakunitazama.

"Sikuwa na habari, baba mkubwa," akasema. "Ndiyo kwanza nasikia leo."

Na alisema kwa ile sauti yake nzuri ya darasani, inayofika mpaka nyuma.

Nilicheka. Sikupanga kucheka, kilinitoka tu, na mama akadhani sukari imeanza kunishuka akainuka kutafuta asali. Nikamwambia akae, niko mzima.

"Mzee Mwinyimvua," nikasema, "ahsanteni kwa safari. Siku haitapangwa. Chakula kiko tayari, na nyama yake nimeitafuta kwa shida, kwa hiyo kuleni, msimwadhibu mama yangu kwa kukiacha. Shangazi, maji ya kunywa yako kwenye mtungi wa mbele, pale pale ulipoonyeshwa."

"Nasma..." Twalibu akaanza.

"Wewe hunijui, mwalimu. Si umesema sasa hivi?"

Nikaingia ndani, nikavaa baibui, nikachukua mkoba wa nguo na mfuko wenye tasnifu yangu. Ilikuwa nakala ya kupeleka kwa maprofesa, nimeichapisha Kibiti wiki iliyopita. Mama alinifuata chumbani.

"Jua la saa hizi, Nasma? Si ungoje kesho?"

"Dawa haingoji kesho, mama."

Akanifunga mtandio vizuri shingoni kama nilipokuwa mtoto. "Ni mimi niliyekuziba mdomo," akasema. "Leo nimekusikia ukisema pale nikaona aibu. Si aibu yako. Yangu." Akanibusu paji la uso. "Nenda. Wageni nitawalisha mimi, na yule bibi namwekea mfupa."

Nikamwita Maneno, kijana wa bodaboda wa pale mtaani, tukashika njia ya Ikwiriri.

"Dada Nasma, unalia?" akaniuliza tulipopita mashamba ya mwisho.

"Nalia. Wewe tazama barabara."

Akatazama barabara. Mungu ambariki, hakuniuliza tena.

Kituo cha afya kilikuwa na watu wengi, lakini muuguzi wa kliniki ananijua. Nilipomweleza kwamba dawa yangu imepigwa jiweni kwa kosa la uchawi, alinitazama, akaweka kalamu chini, akacheka mpaka akajishika ubavu. Mimi nikacheka naye. Akanipa kichupa kipya na sindano, akaniambia nipumzike hapo barazani mpaka nipate gari la Dar. Nikakaa kwenye benchi pamoja na akina mama waliokuja na watoto. Mfuko wangu wa tasnifu nikauweka pembeni yangu. Nikatoa peremende mkobani, nikakumbuka ni nani aliyezitia humo, nikairudisha, kisha nikaitoa tena nikaila. Njaa haina kiburi.

Pikipiki ikaingia kwa kasi ikafunga breki na kutimua vumbi. Twalibu. Shati limemlowa mgongoni, macho mekundu. Akaja mpaka barazani, akasimama mbele ya benchi, mbele ya akina mama wote wale, na akapaza sauti.

"Jamani, nisikilizeni! Huyu ni mchumba wangu. Ana sukari. Nimejua tangu siku ya kwanza, na ndiye nimtakaye, hivyo hivyo alivyo. Sitaki mwingine!"

Neno kwa neno. Nilivyomfundisha nyuma ya jiko, hakuacha hata moja. Akina mama wakashangilia. Bibi mmoja mwenye mjukuu mgongoni akapiga kigelegele, akanigusa goti.

"Msamehe, mwanangu! Wanaume wa kusema hivi wamekwisha!"

Na moyo wangu, jamani, moyo wangu haujui kujiheshimu. Uliruka. Niliona nyumba, niliona watoto, niliona ule mkono ukinishika paji kila asubuhi. Nilikaribia kusimama nimwangukie shingoni.

"Umesema vizuri, Twalibu," nikamwambia. "Umesema vizuri sana. Sasa panda pikipiki yako, rudi Mohoro, ukayaseme vile vile. Wako mkekani bado, pilau lile haliishi upesi. Baba yako mkubwa yupo, shangazi yupo. Mimi sipandi gari. Nakungoja hapa hapa mpaka urudi, na ukirudi umesema, hata wakitufukuza wote wawili, nitakuwa mkeo."

Yule bibi akamtazama Twalibu kwa matumaini.

Akautazama ufunguo wa pikipiki mkononi mwake. Akaitazama barabara ya kurudi Mohoro, jua linawaka juu yake. Niliuona uso wake ukipima, na Mungu ni shahidi wangu, nilimwombea. Nilimwombea kuliko nilivyojiombea mimi Jumatatu yangu.

"Leo wana hasira, Nasma," akasema polepole. "Tuwaache wapoe. Nitawaambia mmoja mmoja, taratibu. Nitaanza na baba mkubwa. Hata tukishaoana, si tutawaambia tu? Muhimu ni mimi na wewe. Wewe unajua ninavyokupenda."

"Najua," nikasema. Na nilijua kweli. Alinipenda mbele ya mbuzi, alinipenda mbele ya wagonjwa wa Ikwiriri, alinipenda popote pale ambapo hakuna mtu anayemjua.

Akadhani nimekubali. Akashusha pumzi, akautia ufunguo mfukoni, akaja akaketi kando yangu kwenye benchi, akaushika mkono wangu akaanza kuvipapasa vidole vyangu, kimoja kimoja, zile ncha zenye vidoa. Nilimpenda bado. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwamba dharau ilikuwa imekuja na mizigo yake yote na mapenzi hayakuhama. Gari la Dar likapiga honi barabarani. Nikauchomoa mkono wangu.

"Sogea, Twalibu," nikamwambia. "Umekalia tasnifu yangu."